Hatua Kumi na Nne

Kutoka mlango wangu hadi mlango wa Kolega zilikuwa hatua kumi na nne. Yeye ndiye aliyezipima, maana alifundisha hesabu na hakuweza kukaa mahali bila kupima kitu. Tulikuwa wapangaji wa ua mmoja mjini Bunia: nyumba mbili ndogo za matofali zinazotazamana, choo kimoja nyuma, na pale langoni mama mwenye nyumba akiuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mafungu. Tuliitana Kolega, kama walimu wanavyoitana kwetu, hata majina yetu tukawa tumeyasahau kidogo. Mke wangu alifariki kabla ya vita kufika mjini, na hatukujaliwa mtoto. Kolega hakuwa ameoa. Ukimwuliza kwa nini, alisema bado hajaona mwanamke anayependa aljebra.

Basi tulikula pamoja, siku moja kwangu, siku moja kwake. Tulikula mapema, saa kumi na moja jioni, kwa sababu siku zile jua likizama kila mtu alijifungia kwake.

Kwetu mgeni hatoki peke yake. Umekula naye, ukamwacha aende bila kumsindikiza hata hatua chache, umemwambia asirudi. Sisi wawili tuliifanya desturi hiyo kuwa mchezo. Akimaliza kula kwangu, nilimsindikiza mpaka mlangoni kwake. Akifika pale alisema haiwezekani mwalimu mzima arudi peke yake, akanisindikiza mpaka kwangu. Nami nikamrudisha. Tulikwenda na kurudi mara tatu, mara nne, mama wa makala akicheka langoni, mpaka mmoja wetu alipochoka akakubali kuachwa. Watu wazima wawili, mmoja na upara unaong'aa. Nasema wazi kwamba hizo ndizo saa pekee za siku ambazo sikuwa na huzuni.

Mwaka huo prefe, ndivyo tunavyomwita mkuu wa sekondari, aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na buletini, yaani ripoti za alama, za wanafunzi wa mwaka wa sita. Chini kabisa ya kila buletini palikuwa na mstari wenye maneno mawili ya Kifaransa, esprit critique, yaani akili ya kuchambua mambo. Miaka yote tulijaza mstari ule kwa jicho tu. Mwanafunzi mnyamavu alipata kumi na mbili, anayevaa shati safi kumi na nne, mtoto wa mtu mkubwa kumi na sita.

"Mwalimu, weye ndiye wa filosofia," prefe aliniambia. "Hii kitu ipimwe kweli. Uliona wiki ile ingine? Mutu moja alipiga kelele ku soko, batu bote bakakimbia. Na wanafunzi wetu bakiwa mbele! Hakuna aliyeuliza hata swali moja. Nataka bareme."

Bareme ni jedwali la kugawa alama: hili lina alama mbili, lile tano. Nilitoka ofisini kifua mbele. Mji wetu ulikuwa unakufa kwa maneno, nami nilijua hivyo kama kila mtu. Asubuhi neno moja lilizaliwa mahali fulani, mchana limeota meno, jioni nyumba imeungua. Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na katika Bunia ya wakati ule kweli lilikuja, kwa sababu watu walilitangulia na mapanga. Nikafikiri: kinachoweza kupimwa kinaweza kufundishwa. Nikajiona nimepewa dawa ya mji mzima.

Jioni hiyo nilimsomea Kolega maana yangu ya kwanza. Niliandika kwamba akili ya kuchambua ni uwezo wa kutokubali jambo mpaka upewe hoja.

"Mbuzi ya jirani," akasema, akimega fufu, ugali wetu wa muhogo, "haikubali kitu hata ukiipatia hoja. Basi uipatie vingt sur vingt, alama zote."

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo nalijua. Kesho yake nilileta ya pili: uwezo wa kupambanua kweli na uongo.

"Na kweli, nani iko naijua? Weye? Hapo unapima tu kama mutoto anakubaliana na mwalimu wake." Akalamba vidole. "Kilo iko na jiwe yake, metre iko na fimbo yake. Hii yako iko na nini?"

"Akili ni nywele, Kolega. Kila mutu iko na zake."

"Weye unazo. Ni ndani ndiyo hakuna kitu."

Tuliendelea hivyo karibu majuma mawili. Nilikuwa naandika, yeye anavunja, nami nalala nikiwa na hasira na furaha pamoja. Mwishowe nikaleta hii: akili ya kuchambua ni uwezo wa kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kuamini. Kolega alikuna upara wake kwa muda mrefu.

"Hiyo inahesabika," akasema.

Nilipaswa kushtuka hapo. Nilichagua maana ile kwa sababu ilihesabika, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali penye mwanga na si pale ulipoanguka. Lakini nilifurahi, yeye naye akafurahi, na siku hiyo tulisindikizana mara saba.

Jedwali langu lilikuwa zuri, hata leo naweza kulisema bila daftari. Nilimwita mwanafunzi mbele, nikamsomea habari fupi, naye alitakiwa aulize. Nani aliona kwa macho yake? Lini, na akiwa amesimama wapi? Wangapi wengine waliona? Anayeleta habari anapata faida gani? Kila swali la maana lilikuwa na alama zake, mpaka jumla ifike ishirini. Anayeamini bila kuuliza alipata sifuri. Anayekataa bila kuuliza alipata sifuri pia, na hilo niliona ni haki kubwa sana.

Siku ya kupima nilitunga habari hii: "Wanasema chemchemi ya nyuma ya shule imetiwa sumu." Vijana wenye midomo walifanya vizuri ajabu. Mmoja aliniuliza maswali kama hakimu, akapata kumi na tisa. Darasa likampigia makofi.

Kisha akaja binti mmoja wa benchi la nyuma. Alitoka upande wa Fataki, katika Djugu. Nyumba yao ilikuwa imechomwa, mihogo imebaki shambani, naye alilala kwa shangazi yake nyuma ya soko pamoja na watu wengine tisa. Alivaa kandambili mbili zisizofanana. Nilimsomea habari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo source iko wapi, Monsieur?"

"Nyuma ya shule, pale chini ya miti."

Akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Naenda kuangalia, Monsieur."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao. Nikamweleza kwamba huu ni mtihani, habari ni ya kutunga, atumie akili tu akiwa amesimama hapo hapo. Akarudi mbele. Akaniangalia. Hakuwa na swali lingine. Nilihesabu: swali moja, la mahali, alama tatu. Nikaongeza tatu za huruma. Sita juu ya ishirini. Niliandika kwa wino mwekundu katika daftari langu la alama, na jioni nilimhadithia Kolega kama kichekesho.

Yeye hakucheka. "Na angefika pale ku source, angefanya nini?"

"Angeona maji."

"Bon," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Tangu hapo Kolega alianza kuchelewa kula. Saa kumi na moja ilipita, sombe, yaani kisamvu chetu, ikapoa, ndipo nilipomwona akiingia langoni na vumbi mpaka magotini, daftari kwapani. Nikimwuliza alikotoka, alisema, "Niko na hesabu moja haijaisha. Ikiisha nitakuonyesha." Alisema hivyo mara mbili tatu. Nilinuna kidogo, kama anavyonuna mtu mwenye rafiki mmoja tu.

Nieleze hapa jambo moja, na nitalieleza bila kutaja makabila, maana aliye wa Bunia anayajua na asiye wa Bunia hayatamsaidia. Mimi nilikuwa wa upande mmoja. Kolega alikuwa na mama wa upande mmoja na baba wa upande wa pili. Kabla ya vita hilo halikuwa na uzito wa punje ya chumvi. Vita vilipoingia, watu wa damu mbili hawakuwa na pa kusimama. Kila upande uliwahesabu kuwa wa upande wa pili. Na kitu kilichoogopwa kuliko bunduki ni orodha. Ikisemwa kwamba fulani anaandika majina ya watu na nyumba wanazolala, kila mtu alijua kinachofuata majina ni nini.

Siku moja mchana mama wa makala alinifuata mpaka mlangoni kwangu. Hakuwa mwanamke wa umbea. Ni yeye aliyeniletea maji siku mke wangu alipozikwa.

"Mwalimu," akasema, "usiseme ni miye nimekuambia. Kolega yako iko naandika liste."

Nikafanya kazi yangu. Nasema kweli, nilijivuna hata katika hofu ile. Nikamwuliza kama nilivyofundisha.

"Uliona na macho yako?"

"Na hii macho yangu mbili."

"Wapi?"

"Nyuma ya soko. Anaingia nyumba na nyumba, kule kunalala bale batu ya Djugu. Nilikuwa napeleka makala."

"Aliandika nini?"

"Majina. Na kule balitokea. Na nyumba banalala. Nilisimama karibu, nilisikia akiuliza."

"Nani mwingine aliona?"

"Uliza ndugu yangu. Uliza mutu ya mashine ya unga."

Nilikwenda kumwuliza ndugu yake, nikamwuliza mtu wa mashine ya unga. Wote walisema lile lile, siku zikalingana, saa zikalingana. Nikauliza wanapata faida gani kusema hivyo. Hawakuwa na faida yoyote, walikuwa wanaogopa tu. Mama wa makala akaongeza la mwisho: kwamba Kolega aliacha daftari wazi juu ya gunia alipokuwa anafunga kiatu, na kwenye ukurasa wa mwisho, peke yake, palikuwa na jina langu. Hakujua kusoma mengi, lakini jina la mpangaji wake alilijua kutoka kwenye karatasi za kodi.

Kwa bareme yangu habari hiyo ilipata kumi na nane. Nilikaa kitandani nikajumlisha alama moja moja. Kila swali nililouliza lilipata jibu, na kila jibu, ngoja niliseme mapema, lilikuwa la kweli.

Nilimwogopa. Nilimchukia pia, kwa sababu alinifanya niogope mtu pekee niliyekula naye. Nikamwomba mama aseme kwamba nimekwenda Nyankunde kwa dada yangu. Nikafunga dirisha, nikaweka pipa la maji nyuma ya mlango, nikakaa ndani siku nzima nikila viazi vya jana. Kesho yake, saa kumi hivi, nilisikia viatu vyake uani. Sikuhitaji kuchungulia. Nilizihesabu hatua zake hadi ya kumi na nne.

"Kokoko!" Kwetu mtu hugonga kwa mdomo. "Kolega! Ni miye."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pipa. Kati yetu palikuwa na ubao wa mlango tu. Nilisikia anavyopumua, kama mtu aliyekuja kwa haraka.

"Kokoko! Kolega, kama uko ndani fungua, niko na neno."

Kisha mara ya tatu, polepole. Nikaziba mdomo wangu kwa mkono.

Mama akamwita kutoka langoni, akamwambia mwalimu ameenda Nyankunde kwa dada yake.

"Nyankunde? Lini?"

"Jana."

"Hakuniambia," Kolega akasema.

Hakusema kwa hasira. Alikaa kidogo pale mlangoni, kisha nikasikia hatua zikienda, nyumba yake ikifungwa, na lango. Nilipochungulia kwenye ufa niliona mgongo wake na begi begani. Nilishusha pumzi. Nilishukuru Mungu, na shukrani hiyo ndiyo inayonisumbua kuliko dhambi zangu nyingine zote.

Siku mbili baadaye, asubuhi, mtu alisema kokoko kwa sauti ndogo. Alikuwa yule binti wa Fataki, daftari mkononi.

"Nilikuja jana, Monsieur. Mama alisema uko Nyankunde." Akaangalia chini. "Lakini niliona moshi ku jikoni yako. Basi nimerudi leo."

Akanipa daftari. Kolega alikuwa amelipeleka kwa shangazi yake akiwa njiani kuondoka. Watu walimpa onyo kwamba anatafutwa kwa sababu ya orodha, akapata nafasi kwenye lori la mwisho la kwenda Beni. Alisema daftari hilo nipewe mimi mkononi nikirudi.

Nililifungua palepale. Majina, vijiji walikotoka, nyumba wanazolala. Na safu ya nne ambayo mama wa makala hakuisoma: vyeti walivyopoteza. Walikuwa wanafunzi wa mwaka wa sita waliokimbia bila karatasi, ishirini na kitu, jina la binti huyo likiwa la tatu. Kolega alikuwa anawakusanya nyumba kwa nyumba ili waandikishwe kwenye mtihani wa serikali, na alificha kwa sababu alijua orodha inavyoogopwa. Hata mimi hakutaka niingie hatarini kabla kazi haijaisha. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika kwamba hesabu atawafundisha yeye mwenyewe, jioni. Chini yake palikuwa na jina langu, na mbele ya jina ameandika somo la kutunga insha: "Dissertation. Bado sijamuuliza. Hawezi kukataa."

Binti alikuwa bado amesimama. "Iko vibaya, Monsieur?"

"Hapana," nikasema. "Iko muzuri."

Alipoondoka nilifunga mlango nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata kwenye matanga ya mke wangu. Baadaye nilitoa daftari la alama, nikakata ile sita kwa kalamu. Nikataka kuandika alama yake ya haki. Nilikaa na kalamu hewani mpaka wino ukadondoka. Jedwali langu halikuwa na mahali pa mtu aliyeinuka akaenda kuangalia.

Nilitaka kumfuata Kolega. Lakini juma lile lile njia ilifungwa, na habari mbaya zikaanza kutoka upande wa Nyankunde, kisha vita vikarudi mjini kwetu, shule ikafungwa, watu wakalala uwanja wa ndege chini ya maturubai. Mama wa makala alikimbilia Gety kwa ndugu zake. Nilibaki peke yangu uani. Nyumba ya Kolega ilivunjwa, wakachukua mlango, mabati, hata ubao wake mweusi. Jioni, saa kumi na moja, nilikuwa napika chakula cha watu wawili, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea. Nikimaliza kula nilitoka nje, nikatembea hatua kumi na nne mpaka kwenye ule mlango usio na mlango, nikarudi. Hakuna aliyenirudisha.

Wale wanafunzi wa orodha niliwafundisha mimi, hesabu na dissertation, katika jengo la kanisa moja. Hesabu niliifundisha vibaya. Walioweza kufika walifanya mtihani wao.

Mambo yalipotulia prefe alirudi, na kitu cha kwanza alichoomba ni bareme. Aliipenda mno, shule nyingine zikaja kuinakili. Nilimwambia kwamba haifai, akadhani najishusha kwa adabu. Nikaongeza mstari mmoja chini kwa mkono: "Je, alikwenda kumwuliza mwenyewe?" Prefe aliuliza mstari huo una alama ngapi. Alipopiga chapa aliuacha nje. Najua walimu wanaotumia karatasi hiyo mpaka leo. Mganga hajigangi.

Miaka sita ilipita kabla sijasikia lolote. Simu zilikuwa zimefika kila mahali. Yule binti, ambaye sasa ni mwalimu kwao Fataki, alikuja Bunia kuchukua vitabu, akanitafuta. Hakuwa hata amekaa alipoanza kusema: Monsieur wa hesabu yuko hai, anafundisha Beni, yeye binti alikwenda mwenyewe akamwona, hii hapa namba yake.

Nilimpigia. Aliposikia sauti yangu alianza kulia na kucheka pamoja. "Uko muzima? Kolega! Uko muzima kweli? Miye nilikufanyia matanga!" Alimshukuru Mungu kwa jina la kila nabii. Juma lililofuata nilipanda gari la kwenda Beni, nimevaa koti langu la mitihani, na njia nzima nilifanya mazoezi ya nitakayosema.

Alinipokea barabarani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuzika. Alikuwa ameoa, na mkewe alikuwa amepika sombe na samaki wa chumvi tunaowaita makayabu na fufu nyeupe ya kutosha watu sita. Tulikula saa kumi na moja. Aliniambia nywele zangu nazo zimehama sasa, karibu kwenye chama. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilijisemea pengine haitakuwa lazima kusema lolote.

Kisha akasogeza sahani. "Basi nikuambie juu ya huu muguu," akasema, akimtazama mkewe kama mtu anayehadithia kitu kinachojulikana nyumbani. "Ile siku ulikuwa umeenda kwa dada yako, siye tulipanda lori. Tulifika pale njia inakatika kwenda Nyankunde. Miye nikasema: hapana, siwezi pita hapa bila Kolega. Nikashuka."

Alishuka. Lori likaenda na nafasi yake. Alitembea mpaka Nyankunde, akauliza nyumba ya dada yangu, nyumba kwa nyumba, siku mbili. Mimi sina dada Nyankunde. Mabaya yalipofika kule alikuwa bado ananitafuta, akakimbia na wengine porini, na huko ndiko mguu ulikovunjika, ukaunga vibaya. Alipofika Beni baada ya majuma, aliamini kwamba nimekufa, kwa sababu alikuwa amekwenda mwenyewe na hakuniona.

Alisimulia kwa furaha, kama habari iliyopata mwisho mwema. Mkewe alinitazama kwa upole. Kisha Kolega akaegemea meza.

"Sasa niambie weye. Miaka yote niko najiuliza. Ile siku ulikuwa wapi?"

Lilikuwa swali moja tu, nalo aliliuliza kwa mtu mwenyewe. Ningeweza kutaja kijiji chochote. Angeamini, tena kwa furaha, na tungekula pamoja mpaka uzee wetu. Nilitazama mguu wake chini ya meza.

"Nilikuwa ndani," nikasema.

Hakuelewa. Nikamwambia yote: makala, orodha, mtu wa mashine ya unga, kumi na nane juu ya ishirini, pipa nyuma ya mlango. Nikamwambia kwamba nilisikia kokoko zote tatu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, macho yake juu ya kitambaa cha meza, kidole kikigusa gusa mahali pamoja.

"Ilikuwa hatua kumi na nne, Kolega," akasema.

 Mkewe alianza kukusanya sahani, akaziacha. Nilingoja kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Kisha nikainuka, nikamshukuru mkewe kwa chakula, nikachukua koti. Mkewe alimtazama mumewe, akingoja ainuke naye, kama inavyofanywa kwetu. Kolega alibaki ameketi.

Nilitoka peke yangu. Kutoka mlango wake hadi barabarani ni hatua thelathini na moja.